Mwovu Aumaye Huku Akipuliza

Panya wa nyumbani, husema Waswahili, huuma huku akipuliza. Mtu hulala fofofo, kisigino chake kikiguguniwa, na ile pumzi baridi ya mnyama humfanya asihisi maumivu. Huja kugundua alfajiri, anapokuta damu kwenye shuka. Nimeikumbuka sana picha hiyo tangu nilipoalikwa na shule moja ya upili iliyo karibu na Mulot nizungumze na walimu na wanafunzi wao kuhusu uandishi wa insha na hadithi fupi.

Kwa msomaji asiyepajua, Mulot ni mji wa soko ulio mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, kando ya barabara kuu itokayo Narok kwenda Bomet na hatimaye Kericho. Ukiupa mji mgongo na kupanda kuelekea magharibi, utafika kwenye mashamba ya majani chai yaliyolipatia eneo hili sifa. Ukiteremka mashariki, utaingia nyanda za mifugo na ngano. Mji huo, hata hivyo, umepata sifa nyingine ambayo wakazi wake wengi hawakuiomba. Kwa miaka kadhaa sasa, taarifa za polisi na magazeti ya Kenya zimelihusisha jina la Mulot na ulaghai wa simu za mkononi. Tapeli humpigia mtu, akajitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu au wa benki, akamwondoa wasiwasi, akapata nambari ya kitambulisho na maelezo mengine ya siri. Kisha huhamishia nambari ya mtu huyo kwenye kadi nyingine. Simu ya mwenyewe huzimika mtandao, na kabla hajajua limtendekalo, akiba yake imekwisha kutolewa na huenda hata mkopo umechukuliwa kwa jina lake.

Maadamu tangu mwaka 2007, ilipoanzishwa huduma ya M-Pesa, Mkenya wa kawaida amezoea kuweka fedha zake ndani ya simu, uovu wa namna hii hauhitaji panga wala bunduki. Unahitaji sauti tulivu, subira na ufahamu wa lugha. Unahitaji akili.

Niliposhika insha 36 ambazo mwalimu mwenyeji alinikabidhi, nilitarajia kuiona akili hiyo. Wanafunzi walikuwa wametakiwa kuandika kisa kinachothibitisha methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo, kama ajuavyo kila mwanafunzi, yahusu adui wa ndani: yule tunayekula naye na kulala naye. La ajabu ni kwamba karibu insha zote zilimleta adui kutoka nje. Alikuwa jambazi wa miraba minne, mwenye macho mekundu kama damu, kovu shavuni na sauti ya kukwaruza. Alivunja mlango usiku wa manane, akatoa amri na vitisho, kisha akanaswa na polisi waliofika ghafla pasipo kuitwa na yeyote. Wanafunzi wanaoishi mahali ambapo neno “tapeli” limekuwa habari ya kila wiki walikuwa wameandika juu ya mwovu ambaye hawajapata kumwona popote isipokuwa katika insha za wenzao.

Insha moja tu ilikuwa tofauti. Mvulana mmoja alisimulia juu ya binamu anayemlipia karo msimulizi. Binamu huyo ni kijana mpole na mwenye adabu; matangani hutoa mchango mkubwa kuliko wazee. Jioni moja anamwomba nyanya yao kitambulisho, eti amsajili kwa msaada wa wazee. Wiki moja baadaye fedha za ng’ombe aliyeuzwa na nyanya hazipo. Binamu ndiye wa kwanza kufika kumliwaza. Analeta sukari na majani chai, analaani wezi, na anamrudishia nyanya nusu ya hasara “kutoka mfukoni mwake”. Nyanya anamwekea mikono kichwani na kumbariki. Kisa kinakoma msimulizi akiwa ameshika risiti ya karo, asijue pa kuiweka.

Mwalimu alikuwa ameipa insha hiyo alama 9 kati ya 20. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliandika: “Mwovu hakuadhibiwa. Funzo li wapi?”

Sina nia ya kumcheka mwalimu huyo. Swali lake ni la kale katika fasihi yetu, na ana wazee waheshimiwa nyuma yake. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alimpa mshitaki wa Karama jina la Majivuno. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wabaya wanaitwa Hasidi na Mwivu, nao wanageuzwa manyani. Walimu wa fasihi huiita mbinu hiyo majazi: jina humwambia msomaji tabia ya mhusika kabla hajatenda lolote. Mbinu hiyo ina kazi yake na ina utamu wake, kwani mwandishi wa istiara hakusudii kumficha mwovu, anakusudia kumwanika. Kosa si la Shaaban Robert. Kosa ni letu sisi tuliomrithi, tukachukua kifuniko tukaacha chungu, tukadhani kwamba kila mwovu hana budi kuja na jina lake limeandikwa kwenye paji la uso.

Na tusidhani kwamba masimulizi ya jadi hayakumjua mwovu mwenye akili. Kweli, tunaye Fisi, ambaye ulafi wake humpumbaza hata akashindwa na Sungura. Lakini wazee wa Kikalenjin waliwasimulia watoto habari za Chemosit, zimwi la msituni lenye mguu mmoja na kinywa king’aacho gizani. Zimwi hilo halikuvunja milango. Liliimba. Watoto waliosikia wimbo na kuona mwanga walidhani kuna ngoma, wakaenda wenyewe kwa miguu yao. Aliyeitunga ngano hiyo alifahamu jambo ambalo insha 35 zilikuwa zimelisahau: mwovu hatari ni yule anayejua wewe unapenda nini.

Tangu E. M. Forster alipotofautisha wahusika bapa na wahusika duara mwaka 1927, darasani tumekuwa tukiyakariri maneno hayo kana kwamba ni orodha ya maumbo ya hisabati. Maana yake ni nyepesi. Mhusika bapa hawezi kutushangaza. Mhusika duara hutushangaza, nasi tukamsadiki. Mara nyingi waandishi wetu humpa shujaa uduara wote na kumwachia mwovu ubapa. Matokeo yake ni kwamba shujaa naye hupungua kimo. Kumshinda mjinga ni sifa gani? Mtu hajulikani ushujaa wake kwa kumwangusha mlevi.

Basi mwovu mwenye akili aumbwe vipi? Naona mambo matatu.

La kwanza, awe na hoja anayoiamini yeye mwenyewe. Hakuna aamkaye asubuhi akajiambia, “Leo nitakuwa mwovu.” Aliyeiba hujiambia kwamba alidhulumiwa kwanza, au kwamba anayeibiwa ni tajiri, au kwamba wote huiba. Mwalimu Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, aliiita Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Katika Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja. Katika Kiswahili mabepari ni wengi. Kwa kiambishi kimoja tu, lawama haimwangukii mkopeshaji peke yake, bali mji mzima ambamo kila kitu kina bei. Shylock anadai ratili ya nyama ya mwenzake, na dai hilo ni la kikatili. Lakini amekwisha kutueleza jinsi alivyotemewa mate na watu hao hao wanaomwomba huruma. Tunalichukia tendo lake tukiwa tumeyasikia maumivu yake. Huo ndio uduara.

Historia nayo inatufunza vivyo hivyo, na si mbali na Mulot. Tarehe 19 Oktoba 1905, katika nchi ya Wanandi, afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen alimuua Koitalel arap Samoei katika mkutano uliotarajiwa kuwa wa amani. Mwaka 1957 alichapisha shajara zake za Kenya, na humo yeye ndiye jasiri aliyeponea chupuchupu hila za adui. Baadaye, wataalamu wa ndege waliuchunguza mkusanyo wake maarufu wakagundua kwamba alikuwa ameiba vielelezo vya makumbusho na kuvibandika maelezo ya uongo. Alikuwa msomi, mwandishi hodari na mtazamaji makini wa viumbe. Mtunzi akitaka kumsawiri mtu kama huyo kwa macho mekundu na kovu shavuni, atakuwa amemkosa kabisa. Amsawiri akiandika shajara yake usiku, kwa mwandiko safi, akijisifu.

La pili, awe na kitu anachokipenda au kinachomuuma. Bwana Maksuudi wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, ni dhalimu. Anawatawisha mkewe na bintiye kwa jina la heshima, ilhali heshima hiyo yeye mwenyewe haizingatii nje ya nyumba. Hata hivyo mwandishi hamwachi akiwa jiwe. Anamporomosha, anamzeesha, na tunapomwona akitubu tunajikuta hatuna hakika kama tumsamehe. Ken Walibora naye, katika Kidagaa Kimemwozea, ametupa waovu wawili walio ndugu. Mtemi Nasaba Bora anatisha zaidi, lakini mimi hurudi kila mara kwa Mwalimu Majisifu, mtu msomi aliyeiba mswada wa kijana Amani na kujipatia sifa za uandishi. Ni mlevi, ni baba wa watoto walemavu anaowaonea haya, na anajua vyema thamani ya kitu alichokiiba, kwa kuwa yeye mwenyewe asingeweza kukiandika. Ni mwizi anayeelewa fasihi kuliko wengi wanaomshangilia. Kila ninapomfundisha, darasa la chuo kikuu hunyamaza kidogo.

La tatu, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa kuwa ndiyo kazi yangu, awe na lugha. Mwovu mjinga hutumia amri: lete, toa, nyamaza. Mwovu mwerevu hutumia sarufi yote. Yasikilizeni maneno ya tapeli wa simu. Hasemi, “Nitaifunga laini yako.” Asema, “Laini yako itafungwa.” Hiyo ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Hasemi, “Nimekosea.” Asema, “Kumetokea hitilafu,” na kile kiambishi ku- kinaashiria mahali pasipo na mtu wa kulaumiwa. Hasemi “mimi”, husema “sisi”, ili mwenye kusikia aone ofisi nzima nyuma ya sauti moja. Kisha huja ile kauli ya kutendea, kauli ya wema: nikuangalizie, nikuwekee, nikutunzie. Kwa masikio ya Kiswahili, hakuna kauli yenye huruma kama hiyo. Lakini kauli iyo hiyo inayozaa kukutunzia ndiyo inayozaa kukuibia. Mwandishi anayeijua siri hiyo ana silaha. Haitaji kutuambia kwamba mhusika ni mwovu. Amwache aseme tu.

Iago wa Shakespeare hutenda hivyo hivyo. Kila mtu anamwita mwaminifu, na madhara yake makubwa huyafanya kwa maswali na kwa maneno anayoyakatiza njiani, akamwachia Othello ayamalizie. Katika Kigogo ya Pauline Kea, Majoka ana mabavu ya kutosha, lakini anaye pia Kenga, mshauri wake, ambaye jina lake linafanana na kitenzi kukenga, yaani kughilibu. Huyo hamwendei Sudi mchongaji kwa rungu. Anamwendea na ahadi ya zawadi na keki ya sherehe. Sudi anapoikataa keki hiyo, tunauona ushujaa wake vizuri kuliko kama angekuwa ameshika mkuki, kwa sababu kishawishi kilikuwa kitamu kweli.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mzazi atasema: ukimpa mwovu akili, hoja na ulimi mtamu, huoni kwamba utamfanya apendeze, na vijana wakamwiga? Hofu hiyo si ya kupuuzwa, hasa mahali ambapo kijana humwona mlaghai akijenga nyumba ya mawe ilhali mwalimu wake aliyehitimu anapanga chumba. Lakini tujiulize ni nani anayempamba mwovu zaidi. Ni mwandishi anayemwonyesha binamu akipokea baraka za nyanya aliyemwibia, au ni sisi tunaowafunza watoto kwamba mwizi hutambulika kwa kovu? Mtoto aliyefunzwa hivyo akimwona kijana nadhifu, mpole, mchangishaji hodari, atahitimisha kwamba huyu si mwizi. Hadithi zetu zitakuwa zimemwekea mlango wazi. Mchungaji wa mbuzi hamfichi mwanawe nyayo za chui kwa kuhofia kwamba atampenda chui. Humwonyesha, tena akamwonyesha jinsi zinavyofanana na za mnyama mwingine.

Kuhusu adhabu, nasema hivi: adhabu ya mwishoni si funzo ikiwa imeshuka kutoka mawinguni. Polisi wanaofika ghafla humfunza mwanafunzi angoje polisi. Mwovu mwerevu aanguke kwa uwezo wake ule ule uliompandisha, kama aogeleaye sana afavyo maji. Au asianguke, na mzigo wa hukumu umwangukie msomaji.

Kuna hadhari moja ambayo sina haki ya kuiacha. Ubapa hauishii vitabuni. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, iliowachukulia kuwa wachochezi na wachawi. Mamia ya watu, wakiwamo wanawake na watoto, waliondolewa Kericho wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, wakazuiliwa huko hadi Uhuru ulipokaribia. Hao walihukumiwa kwa jina la ukoo, si kwa tendo la mtu mmoja mmoja. Leo msichana wa Mulot akijitambulisha kwao katika mji mwingine, watu huficha simu zao na kucheka. Ni mzaha, lakini ni mzaha wa kalamu ile ile: huumba mwovu kwa jina na mahali, isijisumbue kumtazama mtu. Anayejifunza kumwandika mwovu mmoja kwa makini, na nia yake na lugha yake na nyumbani kwake, hujifunza pia kutomwandika hivyo jirani yake ambaye hakutenda kitu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, mnapotoa mada ya insha, mtoe na sharti moja: jambazi wa miraba minne haruhusiwi. Mwambieni mwanafunzi amwandike mwovu ambaye mama yake angemkaribisha chai. Na wanafunzi, mkimaliza kumwandika, msomeeni mtu sehemu anayozungumza mwovu huyo peke yake. Msikilizaji akikubaliana naye hata kwa dakika moja, mmefanya kazi.

Mwalimu mwenyeji wangu hakuibadilisha ile alama 9 mbele yangu, nami sikumwomba abadilishe. Alimwita mvulana aje mbele asome insha yake. Sikumuuliza mvulana kama kisa kilikuwa cha kubuni, na sidhani kama ningepaswa kumuuliza. Alisoma kwa sauti ndogo. Alipofika pale nyanya anapomwekea binamu mikono kichwani, hakuna aliyekohoa. Alipomaliza, msichana mmoja wa nyuma aliinua mkono akauliza, “Na nyanya, alijua?”

Mvulana aliitazama karatasi yake kwa muda, kana kwamba jibu lingekuwa limeandikwa hapo. Kisha akasema hajui, bado anafikiria. Mwalimu akachukua kalamu, akaifuta ile sentensi ya pembeni, akaandika hapo swali la msichana.